Nasaba Zetu Ziko Kwenye Makabati ya Nani?

Mtu wa Pwani anayepanda basi kwenda Nairobi kutafuta jina la babu yake huishia Barabara ya Moi, kwenye jengo kuukuu lililokuwa benki. Hapo ndipo ilipo Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1965. Ndani mna majalada ya Mkoa wa Pwani ya enzi za Mwingereza: ripoti za madisii, barua, kesi za mashamba. Lakini jengo ni la serikali, na mlangoni hutakosa kuulizwa kitambulisho. Na baadhi ya wanaomtafuta babu siku hizi wanamtafuta ili wakipate hicho kitambulisho.

Kwa miaka mingi vijana wa Kiswahili, Kiarabu, Kibajuni na Kisomali wamepigwa msasa wanapotimiza miaka 18, wakiulizwa karatasi za baba na za babu ambazo mwenzao wa bara haulizwi. Wapemba wanaoishi huku walikaa miongo mingi bila uraia hadi serikali ilipowatambua mwaka 2023. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kuwa msasa huo umekwisha, ingawa maneno yake yaliwalenga hasa watu wa Kaskazini Mashariki na mipakani. Kama kwa chifu wa mtaa wako umekwisha, wewe ndiye unayejua.

Karatasi yenyewe inayotakiwa mara nyingi haikuwahi kuandikwa. Usajili wa lazima wa vizazi haukuenea nchi nzima hadi 1971. Babu aliyezaliwa Siyu au Vanga kabla ya hapo alizaliwa mikononi mwa mkunga wa mtaani, na mwaka wake ulihesabiwa kwa njaa, kwa mvua au kwa msiba wa mtu mkubwa. Ushahidi wake upo, ila umetawanyika: daftari la ndoa la kadhi, hati ya wakfu, jiwe la kaburi, ukurasa wa kwanza wa msahafu ambapo baba aliandika tarehe ya kila mtoto.

Tena kuna ardhi. Sheria ya hatimiliki ya 1908 ilimtaka kila mwenye shamba katika ukanda wa maili kumi ajitokeze kudai. Isiyodaiwa ikawa ya Mfalme wa Uingereza, na wajukuu wa wengi wasiofika mbele ya msajili ndio wanaoitwa maskwota leo. Aliyefika alilazimika kueleza shamba amelipataje, kwa kurithi au kwa kununua, na kwa njia hiyo majina ya waliomtangulia yakaingia kwenye majalada. Mtu anayebishania mirathi leo angefaidika kuyaona kabla ya kumlipa wakili.

Wako wanaosema tusihangaike, mambo yote yako kwenye intaneti. Wanaisifu maktaba ya nasaba ya Salt Lake City, Marekani, iliyoanzishwa 1894, ambayo ni kubwa kuliko zote duniani na haimtozi mgeni hata senti. Ni kazi ya kusifiwa kweli. Lakini utafutaji wa namna ile hutegemea sana jina la ukoo linalorithiwa. Sisi Ali bin Omari humzaa Said Ali, naye Said humzaa Hamisi Said. Vizazi vitatu, na hakuna jina moja linalowafunga wote. Ongeza karani wa Kizungu aliyeandika Mwinyi kuwa Muinyi, kompyuta itakwambia hakuna mtu kama huyo. Bibi yako atakwambia yupo, na nyumba yake ilikuwa wapi.

Liko jambo jingine ambalo wazee hulinyamazia. Utumwa ulifutwa kisheria katika Pwani ya Kenya mwaka 1907, na fidia walilipwa mabwana. Wajukuu wa waliokombolewa wako Frere Town, ambako wamisionari waliwaweka watu walioachwa huru kuanzia 1875, na wako Mji wa Kale na Malindi pia. Silsila yao hukatika ghafla kwenye jina alilopewa mtu na bwana au na mmisionari. Maktaba ya nasaba itakayoandika masharifu na koo za mashekhe peke yao itakuwa imerudia dhuluma ileile, safari hii kwa wino wetu wenyewe.

Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, imeziweka maktaba na makumbusho chini ya kaunti. Basi Mombasa, Kilifi, Kwale na Lamu hazina haja ya kungoja Nairobi. Chumba kimoja kisichovuja, mashine ya kunakili, vijana wawili wanaosoma hati ya Kiarabu, na makubaliano na mahakama za kadhi ili madaftari yanakiliwe kabla ya mchwa: haya hayafiki bei ya barabara moja. Tahadhari ni moja, nayo ni nzito. Orodha ya nani mtoto wa nani inaweza kutumiwa kumnyima mtu haki vilevile inavyoweza kumpa, kwa hiyo idhini ya familia itangulie, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 izingatiwe.

Mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai 1, na vikao vya kusikiliza maoni ya wananchi juu ya bajeti hufanyika kabla yake. Atakayekwenda azungumzie taa na mitaro kama kawaida, kisha aulize na hiki chumba kitajengwa lini.