Jina Potofu, Tiba Potofu

Huku Magadi, Kajiado, wanafunzi hukimbia mbio chini ya jua kali. Mkimbiaji akitetemeka, akalowa jasho na ulimi ukawa mzito, sisi walimu husema: "Jua limempiga," au, vibaya zaidi, "Ni mvivu." Mimi ni mwanaisimu, najua kwamba jina potofu huzaa tiba potofu. Huenda sukari imeshuka chini ya miligramu 70 kwa desilita ya damu, hasa ikiwa mwanafunzi ana kisukari na anatumia insulini. Maji matupu hayatamfaa. Apumzike, apewe gramu 15 za sukari, yaani kijiko kikubwa kimoja, kisha apimwe baada ya dakika 15. Akizimia, asinyweshwe kitu. Apelekwe hospitali upesi. Walimu wenzangu, tuyajue haya kabla ya kupuliza kipenga.