Kioo Kikubwa Si Kioo Kizuri: Sarafu za Kale Zataka Jicho la Sonara

Katika biashara ya sarafu za kale huku pwani ya kusini, kuanzia Tiwi na Diani hadi Msambweni na Vanga, aghalabu mnunuzi huwa na kioo mfukoni na muuzaji hana ila macho yake mawili. Hapo ndipo mambo yanapoanza kwenda mrama. Mwenye kioo anaona herufi, mwaka na kasoro. Asiye nacho anaona kipande cha shaba chenye kutu. Basi bei huwekwa na mmoja tu, na mwenzake hubaki kushukuru.

Wapo vijana waliolitambua jambo hili na kuamua kununua vioo vyao wenyewe. Wanastahili pongezi. Lakini wengi hurudi na kioo kisichofaa. Mmoja huja na kioo kikubwa kama kawa, cha kusomea gazeti, ambacho hukuza mara 2 au 3 tu. Mwingine huja na kidude cha plastiki kilichoandikwa kwa fahari kwamba kinakuza mara 30 au hata 60. Cha kwanza hakitoshi, na cha pili kinadanganya.

Yafaa tuelewe jinsi kioo kinavyofanya kazi. Kadiri kinavyokuza zaidi ndivyo kinavyotaka kusogezwa karibu zaidi na sarafu. Kioo cha kukuza mara 5 hukaa umbali wa sentimeta 5 hivi. Cha mara 10, sentimeta 2 na nusu. Kikizidi hapo, pua na mkono huziba mwanga, eneo linaloonekana huwa dogo kama punje ya mtama, na mtetemo mdogo wa kidole hufanya picha icheze kama mashua kwenye kusi. Nguvu kubwa ya kukuza pasipo utulivu ni hasara tupu.

Kwa maoni yangu, mtu anahitaji vioo viwili tu. Cha kwanza ni cha mara 5, cha kutazama uso mzima wa sarafu. Cha pili ni kile wanachotumia masonara, cha mara 10, kinachokunjwa ndani ya kifuko chake cha chuma. Hiki kiwe kimetengenezwa kwa lenzi tatu zilizogandishwa pamoja, maana lenzi moja tupu hupinda mistari na kutia rangi za upinde wa mvua pembeni. Kukijaribu dukani ni rahisi: kitazamie mistari ya rula. Ikiwa mistari ya pembeni imepinda, au ina ukingo wa buluu na mwekundu, kirudishe. Na anayedhani simu ya mkononi inatosha akumbuke kwamba kuvuta picha kwa vidole hakuongezi kitu ambacho lenzi haikukiona.

Pengine msomaji atauliza: kuna nini cha kutazama hata tujisumbue hivi? Kipo kingi. Pesa ya shaba yenye mizani, iliyopigwa kwa jina la Mombasa mwaka 1888 wakati wa Kampuni ya Imperial British East Africa, ina maandishi ya Kiarabu ambayo kutu huyafunika upesi. Rupia ya fedha ya mwaka huo ina herufi ndogo H, alama ya kiwanda cha Heaton cha Birmingham. Senti za tundu za Afrika Mashariki nazo zina alama kama hizo: H, KN, I ya Bombay, na SA ya Pretoria. Baadhi ya zile za mwaka 1936 zina jina la Mfalme Edward wa Nane, aliyejiuzulu mwaka huo huo.

Ng'ambo ya mpaka, ambako Mjerumani alituachia neno “hela”, kuna mfano mkubwa zaidi. Mwaka 1916, vita vilipowabana, Wajerumani walipiga huko Tabora sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo mbele ya mlima. Ziko za aina mbili, na tofauti yake ni mahali nakshi inapoishia tu: chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA, au chini ya A inayofuata. Jicho tupu litakuwa na kazi kuliona hilo.

Halafu iko reale ya Maria Theresa. Zote zimeandikwa 1780, mwaka aliokufa malkia huyo, ingawa ziliendelea kupigwa kwa miaka mingi baadaye, hata London na Bombay. Wajuzi huzipambanua kwa kuhesabu lulu za pambo la begani na manyoya ya mkia wa tai. Na sarafu ya bandia iliyomiminwa katika kalibu hujifichua chini ya kioo: ina vitundu vya hewa usoni, na pengine mshono ukingoni.

Namna ya kutazama nayo ina adabu zake. Kioo kiwe karibu na jicho, kisha sarafu ndiyo iletwe kwenye kioo. Mwanga utoke ubavuni, si juu. Sarafu ishikwe kingoni, na chini kuwe na kitambaa. Mchanga upulizwe kabla ya kupangusa lenzi, usije ukaikwaruza. Unyevu wa bahari huotesha ukungu kwenye lenzi, kwa hiyo kioo kihifadhiwe pakavu. Wala kisiachwe juani chini ya makuti, maana jua la pwani likipita katika lenzi laweza kuwasha moto.

Lakini kosa lililo kubwa kuliko yote ni kusugua. Sarafu ikiokotwa, hukimbiliwa ndimu na mchanga ili ing'ae. Ole wetu! Masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba ambazo maandishi ya pande zake mbili yanaafikiana kwa vina. Huo ni ushairi uliotembea mikononi mwa wafanyabiashara, na dakika mbili za kusugua zaweza kuufuta milele. Tazama kwanza, mikono ingoje.

Tena sheria ipo. Sheria ya Makavazi ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inahesabu kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 kuwa cha kale, na hakiruhusiwi kutolewa nchini bila kibali. Anayegundua kitu cha kihistoria ardhini anatakiwa kutoa taarifa kwa Makavazi ya Taifa katika muda wa siku saba. Kwa hiyo hata ile pesa ya mizani ya 1888 si kitu cha kupenyezwa kwenye mkoba wa mtalii.

Watakaosema kwamba tumbo halingoji makavazi wana haki ya kusikilizwa. Hata hivyo, anayeuza asichokijua huuza kwa bei ya ujinga, na njaa hurudi kesho. Shule zetu za Kwale zingekuwa na kioo kimoja cha sonara kila moja, watoto wangejifunza kusoma historia yao kwenye kiganja cha mkono. Asiyejua maana haambiwi maana. Lakini asiyeona, na apewe kioo.