Mazungumzo ya Juma: Panzi Aliyeshuka Ngazi



Mwisho wa mwaka wa shule huleta machozi katika nyumba nyingi. Mtoto huja na karatasi yake mkononi, ameambiwa arudie darasa. Baba hunyamaza, mama hutazama pembeni, na majirani hupata habari kabla jua halijachwa. Wako wazazi ambao humhamisha mtoto papo hapo, si kwa kuwa shule ni mbaya, bali kwa kuikimbia aibu. Juma hili nataka tuitazame aibu hiyo kwa mfano wa mbali kidogo, nao ni mfano wa mpira wa miguu. Vijana najua watafurahi. Wazee nawaomba wasigeuze ukurasa upesi, maana habari hii ni yao zaidi.

Nchi yenyewe ni Uswisi, nchi ndogo ya milima iliyo katikati ya Ulaya. Haina bahari, na eneo lake ni kilometa za mraba kama 41,000 tu. Mwaka 1950 watu wake walikuwa kama milioni 4.7, nao husema lugha nne: Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano na Kirumanshi. Wengi katika nchi yetu waliwajua Waswisi kwa njia ya mapadre Wakapuchini, na hata Askofu Mkuu Edgar Maranta, aliyeliongoza jimbo la Dar es Salaam hadi mwaka 1968, alitoka huko. Lakini Waswisi hao wanaosifiwa kwa saa zao na jibini yao wana mapenzi makubwa ya mpira. Chama chao cha mpira kilianzishwa mwaka 1895, na FIFA, ambacho ni chama cha mpira cha dunia nzima, kina makao yake katika mji wa Zürich tangu mwaka 1932.

Katika mji huo huo wa Zürich iko timu yenye jina la kuchekesha. Yaitwa Grasshopper, na maana yake ni Panzi. Iliundwa mwaka 1886 na mwanafunzi Mwingereza, Tom Griffith, na rangi zake ni buluu na nyeupe. Basi Panzi hao hawakuwa wadudu wa kukanyagwa. Wao ndio waliokuwa mabingwa wa kwanza wa Uswisi, mwaka 1898. Kufika mwaka 1945 walikuwa wamekwisha kuupata ubingwa mara 13. Kikombe cha Uswisi nacho, kilichoanza kushindaniwa msimu wa 1925–26, walikuwa wamekitwaa mara 11 kufika mwaka 1946. Tena katika mji wao walijulikana kuwa ni timu ya watu wenye nafasi, hali jirani zao wa FC Zürich walihesabiwa kuwa timu ya wafanya kazi. Kwa neno fupi, walikuwa watoto wa nyumba kubwa.

Mwalimu wao tangu mwaka 1935 alikuwa Karl Rappan, mzaliwa wa Vienna katika Austria. Mtu huyu aliona kwamba Waswisi hawawezi kushindana na mataifa makubwa kwa nguvu wala kwa mbio. Akabuni mpango wa kulinda ulioitwa kwa Kifaransa verrou, yaani komeo. Adui akiwa na mpira, wachezaji kadhaa walirudi nyuma upesi, na mlinzi mmoja akabaki nyuma ya wenzake wote, kama komeo nyuma ya mlango, ili kumzuia yeyote atakayepenya. Kwa komeo hilo, mwaka 1938 huko Paris, timu ya taifa ya Uswisi iliitoa Ujerumani katika mashindano ya Kombe la Dunia. Mara ya kwanza walikwenda sare 1–1. Waliporudiana, Wajerumani walitangulia kwa mabao mawili, lakini Waswisi wakashinda 4–2.

Mwaka 1948 Rappan aliondoka Grasshopper akaenda kufundisha timu ya Servette ya Geneva. Msimu uliofuata, yaani ule uliokwisha mwaka 1949, Panzi walishuka daraja. Sisemi kwamba kuondoka kwa mtu mmoja ndiko kulikowaangusha. Nyumba haianguki kwa kung'oka msumari mmoja. Lakini waliobaki walikuwa wamezoea kushinda, na mazoea ya kushinda si kitu kimoja na nguvu ya kushinda.

Yafaa nieleze jinsi ngazi ile ilivyokuwa, maana hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Tangu mwaka 1944 ligi kuu ya Uswisi iligawanywa katika daraja mbili, Nationalliga A na Nationalliga B, na kila daraja ilikuwa na timu 14. Kila timu ilikutana na nyingine zote mara mbili, nyumbani na ugenini, ndiyo michezo 26. Aliyeshinda alipata pointi mbili, waliokwenda sare walipata moja moja, na aliyeshindwa hakupata kitu. Mashindano yalianza mwisho wa kiangazi chao, yakasimama wakati wa theluji, yakaendelea tena majira ya kuchipua hadi Juni. Mwisho wake timu mbili za chini kabisa katika A zilishuka, na mbili za juu katika B zilipanda mahali pao.

Ona basi ukali wa sheria hiyo, na uzuri wake. Karani anayejumlisha pointi hana nafasi ya kuandika pembeni kwamba timu hii imepata ubingwa mara 13, au kwamba mashabiki wake ni watu wakubwa mjini. Hesabu haina mjomba. Katika msimu ule ule ulioishusha Grasshopper, ubingwa ulikwenda Lugano, mji wa kando ya ziwa katika sehemu ya Waitaliano, upande wa pili wa milima mikubwa. Mtu wa Zürich aliyetaka kwenda huko kwa gari la moshi siku zile alipita chini ya mlima wa Gotthard katika tundu la kilometa 15, lililofunguliwa mwaka 1882. Basi timu ya mji mdogo ilipanda kileleni, na timu ya mji mkubwa kuliko yote nchini ikashuka, kwa kipimo kile kile kimoja. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka, nao hawakusema hushuka nani.

Je, ingekuwaje kama viongozi wa mpira wangewaonea Panzi huruma? Wangeweza kusema, "Hawa ni wakubwa, tuwaongezee nafasi, daraja iwe na timu 15." Wako watu duniani hata leo wanaotaka ligi zenye mlango uliofungwa, ambamo tajiri hashuki kamwe hata akishindwa kila Jumapili. Mimi naona huo si upendo. Ukimwachia mtu cheo asichostahili, umemnyima mambo mawili: umemnyima yule wa chini nafasi yake ya haki, na huyu wa juu umemnyima nafasi ya kujua kwamba ni mgonjwa.

Panzi basi wakashuka, wakaanza msimu wa 1949–50 katika Nationalliga B. Hapa ndipo wengi wetu tungependa hadithi iende mbio. Tungependa kusikia kwamba walikaza mikanda, wakashinda wote, wakarudi juu mwaka ule ule. Haikuwa hivyo. Msimu wa kwanza ulikwisha nao hawakupanda. Majira yale ya mwaka 1950 ubingwa wa juu ulichukuliwa na Servette, timu ya mwalimu wao wa zamani. Na mwezi wa Juni mwaka huo timu ya taifa ilikwenda Brazil kwa Kombe la Dunia, ikawashangaza wenyeji kwa sare ya 2–2 katika mji wa São Paulo. Mabao yote mawili ya Uswisi yalifungwa na Jacques Fatton wa Servette hiyo hiyo. Dunia ilikuwa ikiendelea bila Panzi, wala haikusimama kuwangojea.

Nafikiri huo mwaka wa kwanza ndio mgumu kuliko yote, wala sio siku ya kuanguka. Siku ya kuanguka watu huja kukupa pole. Mwaka mmoja baadaye, ukiwa bado uko chini, pole zimekwisha na waja wameanza kukuzoea huko. Tena kila timu ndogo ikikutana na jina kubwa hucheza kana kwamba ni sikukuu, maana kumshinda bingwa wa zamani ni habari ya kusimulia wajukuu. Na tukumbuke kwamba wachezaji wengi wa Uswisi wa miaka ile hawakuishi kwa mpira. Walikuwa na kazi zao dukani, ofisini au kiwandani, na Jumatatu asubuhi walipaswa kukutana na wenzao wa kazi waliokwisha kusoma matokeo gazetini.

Msimu wa pili, 1950–51, walirudi uwanjani katika daraja ile ile, wakaanza tena michezo 26 tangu mwanzo, bila pointi hata moja ya akiba kwa ajili ya sifa za kale. Safari hii walipanda. Na mwaka uliofuata, 1952, timu hii iliyotoka daraja ya pili juzi juzi ilipata ubingwa wa Uswisi na Kikombe cha Uswisi, vyote viwili katika msimu mmoja. Miaka minne baadaye, 1956, walifanya vivyo hivyo tena.

Najua msomaji mwenye akili atasema, "Hiyo ni hadithi ya aliyefanikiwa. Wangapi walishuka wasirudi?" Ni kweli, nami sitaki kuwadanganya vijana. Iko katika milima ya Jura timu ya La Chaux-de-Fonds, mji wa mafundi saa ulioko juu karibu meta 1,000. Hiyo ilipata ubingwa mwaka 1954, na 1955, na tena 1964. Lakini baadaye iliteremka, na mwaka 2009 ilifilisika ikalazimika kuanza upya ngazi za chini. Kushuka hakumfundishi kila mtu. Wengine hushuka wakalalamika tu, na malalamiko hayajapata kumpandisha mtu daraja.

Wala Panzi wenyewe hawakupona milele. Baada ya kurudi mwaka 1951 walikaa daraja ya juu miaka 68 bila kushuka, wakaongeza sifa hata jumla ya ubingwa wao ikafika 27, wa mwisho ukiwa wa mwaka 2003. Uwanja wao wa zamani wa Hardturm, uliofunguliwa mwaka 1929, ulifungwa mwaka 2007. Kisha mwaka 2019 wakashuka tena. Mwezi wa Mei mwaka huo, walipokuwa wakicheza Luzern, baadhi ya mashabiki wao wenyewe walishuka kiwanjani wakadai wachezaji wavue fulana za timu, kwa kuwa hawastahili kuzivaa, na mchezo ukavunjika. Timu ikakaa chini misimu miwili, kama mara ile ya kwanza, ikapanda tena mwaka 2021.

Hebu tuwaweke mbele ya macho watu hawa wa Luzern. Walidhani wanailinda heshima ya timu yao. Kwa kweli walifanya kama baba anayemvua mwanawe sare ya shule mbele ya watu kwa sababu amefeli. Mtoto yule atajifunza nini? Atajifunza kwamba alipendwa kwa ajili ya namba zilizo katika karatasi. Na akipanda kesho, atapanda kwa hofu. Fulana ya timu, kama jina la ukoo, haivuliwi siku ya kushindwa. Siku hiyo ndiyo inayohitajiwa zaidi, maana ni baridi huko chini.

Narudi sasa kwa mtoto wetu na karatasi yake. Nawaomba wazazi mambo matatu, nayo yote yametoka katika habari ya Panzi. Kwanza, msiende kwa mwalimu mkuu na bahasha wala na jina la mjomba ili mtoto apandishwe. Acheni hesabu iwe hesabu. Pili, msihesabu mwaka mmoja tu. Kama hakupona mwaka wa kwanza, kaeni naye katika wa pili. Taa iwashwe mezani, kazi za jioni zipunguzwe, na mtu mzima akae karibu naye hata kama hajui hesabu za siku hizi. Tatu, kabla ya yote hayo, jioni ile ile anapokuja na karatasi, mpeni chakula chake kama siku zote, na mwiteni kwa jina lake lile lile.

Wahenga walisema kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Lakini aliyejikwaa hawezi kwenda mbele ikiwa wa nyumbani wamekwisha kumfungia mlango kwa komeo.

Kwa herini, hadi juma lijalo.