Kiwanja cha majani Muleba: nasema ndiyo, ila...

Wandugu, najua nikisema kwamba wiki iliyopita nilipanda ndege ya watu wanne kwenda kulala kwenye hema, wale msiotoka Kagera mtasema: haya, nshomile ameanza! Mhaya na ndege yake! Tulieni. Ndege si yangu. Ni ya mtu anayefahamiana na rafiki yangu, rubani wa makamo ambaye nitamwita Kapteni kwa kuwa ndivyo kila mtu anavyomwita. Alikuwa anakwenda Rubondo, kiti kimoja kilikuwa kitupu, na mwandishi wa habari hakatai lifti.

Nilifika kiwanja cha Bukoba saa moja asubuhi na begi langu na hema la kuazima. Kapteni alikuwa amesimama anatazama ziwa. Akaniambia tusubiri. Tukasubiri saa moja, tukasubiri mbili. Ziwa letu hupika mvua zake usiku, na sisi wa upande wa magharibi ndio tunaopakuliwa asubuhi. Wingu lilikuwa zito juu ya maji na mimi nilianza kununa kimoyomoyo, maana nilikuwa nimeomba ruhusa ya siku mbili tu kazini.

Halafu nikaona aibu. Tarehe 6 Novemba 2022, asubuhi yenye mvua, ATR ya Precision Air kutoka Dar es Salaam ilianguka ziwani ikiwa inakuja kutua hapa hapa. Ndani walikuwa watu 43, na 19 hawakutoka hai. Waliofika kwanza kuwaokoa ni wavuvi na mitumbwi yao. Sisi pia ndio watu wa MV Bukoba, Mei 1996. Mtu wa Bukoba hamhimizi rubani wala nahodha. Nikakaa kimya nikanunua kahawa.

Saa nne tukaruka.

Kutoka Bukoba hadi Rubondo ni kama kilomita 110 kwenda kusini, nusu saa na dakika chache kwa ndege ndogo. Kushoto ziwa na visiwa vya Muleba, Bumbire kikiwa kimejilaza kama mamba. Kulia ni nyumbani. Na hapa ndipo safari yangu ilipobadilika, kwa sababu nimezaliwa Muleba, nimetembea kwa miguu vijiji vyote vile, na sikuwahi kuelewa vimepangwaje hadi nilipoviona kutoka juu. Bibanja ni visiwa! Migomba, mibuni, miti na nyumba vimekusanyika pamoja, kijani cheusi, halafu katikati ya kisiwa na kisiwa kuna bahari ya nyasi za rangi nyepesi. Hiyo ndiyo rweya. Kwa wasiojua: rweya ni uwanda wa majani ambako ng'ombe hulishwa na akina mama hukata nyasi za kutandaza kwenye migomba na, zamani zaidi, sakafuni ndani ya nyumba.

Niliona kingine pia. Vipande vya mraba, vimenyooka kama vimepigwa rula. Mikaratusi na misonobari ya watu. Kimoja nakijua. Ni pale shangazi yangu alipokuwa anakata nyasi miaka yote ya utoto wangu, na sasa kuna seng'enge.

Rubondo njia ya kutulia ni majani matupu yaliyokatwa katikati ya msitu. Kapteni alishuka akapita juu yake chini kabisa bila kutua, nikadhani amekosea. Kumbe anafukuza wanyama na kutazama kama kuna mashimo au maji yaliyotuama. Akazunguka, akarudi, tukatua. Ndugu zangu, nimewahi kutua Dar na Mwanza, lakini magurudumu yakigusa majani mtu anasikia tofauti. Hakuna ule mlio wa matairi. Ni kama baiskeli ikiingia kwenye kiwanja cha mpira, ila mwendo ni wa kutisha.

Tulifunga ndege kwa kamba na vigingi, na gari la hifadhi likatupeleka kambini. Usiku viboko walikuja kula majani karibu na hema. Sauti yao ya kutafuna ni ya mtu mwenye njaa asiye na adabu. Sikulala. Kapteni alikoroma.

Rubondo imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1977, lakini kabla ya hapo Mjerumani Bernhard Grzimek, yule wa Serengeti, alileta sokwe 17 kutoka bustani za wanyama za Ulaya kati ya 1966 na 1969 na kuwaachia kisiwani. Grzimek na mwanawe Michael walikuwa watu wa maisha haya haya: ndege ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia, kutua majanini, hema, kuhesabu wanyama kutoka juu. Januari 1959 Michael aligongana na tumbusi angani akafa. Nalisema hili ili msidhani nauza mapumziko.

Wenzetu wa mbali wamefanya jambo hili sikukuu. Kila Julai katika mji wa Oshkosh, jimbo la Wisconsin, Marekani, ndege zaidi ya 10,000 hukusanyika, na maelfu ya watu hulala kwenye mahema chini ya mabawa yao. Nairobi nako, pale Wilson, Aero Club of East Africa ipo tangu 1927. Mwaka 1927! Lakini kwetu sisi ndege ni jambo la waziri, utepe na mkasi. Kiwanja kikubwa cha Omukajunguti kule Missenyi nimeanza kukisikia nikiwa shule ya msingi. Sina ugomvi nacho. Ninachouliza ni kwa nini, tukiwa tunasubiri lami, tusahau kwamba ndege haikuzaliwa kwenye lami.

Asubuhi, kabla ya kuruka, tulitembea njia yote kwa miguu, Kapteni akipigapiga udongo kwa kisigino. Nikamuuliza: kwani kiwanja kama hiki Muleba kingehitaji nini? Akachukua daftari langu.

"Andika, mwandishi," akasema. Cessna 172 ndiyo ndege iliyotengenezwa kwa wingi kuliko zote duniani, zaidi ya 44,000. Ile ya modeli ya S, ikiwa imejaa, usawa wa bahari na kwenye njia ngumu, inahitaji karibu mita 500 kuondoka na kupita juu ya kizuizi cha mita 15. Vizuri. Lakini ziwa letu lenyewe liko karibu mita 1,135 juu ya bahari, na vilima vya Muleba viko juu zaidi. Kwa kila futi 1,000 unazopanda, ongeza asilimia 10. Joto letu limezidi lile la kitabu kwa nyuzi kama 18, ongeza asilimia 20 hivi. Nyasi zenye unyevu, na Kagera lini hazina unyevu, ongeza 30. Tukafika zaidi ya mita 1,100.

"Sasa ongeza theluthi moja ya uoga," akasema. "Rubani mwoga ndiye anayezeeka, kijana wangu."

Mita 1,500. Kwa upana wa mita 60 ni hekta 9, ekari kama 22 za uwanda ulionyooka. Na nyasi ziwe fupi wakati wote, maana nyasi ndefu hushika magurudumu na huficha mashimo.

Narudi kwenye hoja yangu. Nataka kiwanja hicho. Sikitaki kwa sababu ya watalii, ingawa waje tu. Mwaka 1957 madaktari watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ambayo leo tunaiita AMREF, na wazo lilikuwa hili: daktari, ndege ndogo, kipande cha majani. Mgonjwa mahututi wa Muleba akipewa rufaa ya Bugando leo anazunguka ziwa zima kwa barabara. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa 2025, limeondoa foleni ya kivuko, nashukuru sana, lakini umbali uko pale pale. Kwa ndege ni chini ya saa moja. Nani atalipa mafuta? Swali zuri, na sina jibu zuri. Najua tu kwamba mahali pasipo pa kutua, hata mwenye kutaka kulipa hawezi.

Na nataka watoto wa Muleba waione ndege ikiwa chini, waishike bawa. Kwa kanuni za kimataifa leseni ya rubani binafsi inaanzia miaka 17 na saa 40 hivi za kuruka. Ile shule ya urubani ya Soroti, Uganda, iliyoanzishwa 1971 kwa ajili ya Afrika Mashariki nzima, ni majirani zetu kabisa. Mimi nimemaliza shule ya msingi na sekondari Muleba bila mwalimu hata mmoja kutamka neno rubani. Bibi yangu ndiye aliyekuwa akizungumza habari za ndege, na ndege zake zilikuwa MiG za Idi Amin zilizokuja kupiga mabomu Bukoba Oktoba 1978. Hadi leo akisikia injini angani anaacha anachofanya.

Sasa ile "ila" yangu.

Kipande cha ekari 22 kilichonyooka, kisicho na migomba wala makaburi, Muleba kinapatikana rweya tu. Na rweya imekwisha kunyofolewa. Aliyekuja na miti alisema ni maendeleo, mimi nikija na ndege nitasema nini tofauti? Nilijiona mjanja sana pale Rubondo. Nikapanga hivi: kiwanja kinataka kukatwa nyasi, akina mama wanataka nyasi, basi! Wakate wao, wapewe nyasi na malipo juu. Kiwanja kisiwe na seng'enge, kijiji ndicho kimiliki, siku isiyo na ndege ng'ombe wapite. Nilirudi nalo wazo hilo nikiwa nimevimba kichwa, nikapitia kwa shangazi moja kwa moja.

Alinisikiliza hadi mwisho. Akauliza nyasi zenyewe zitakuwa na urefu gani. Nikamwonyesha kwa vidole.

"Mwanangu," akasema, "hizo utatandaza kwenye mgomba gani? Hizo ni za kuku kuchezea."

Nikanyamaza. Ni kweli, nyasi za kutandaza hutakiwa ndefu, zilizokomaa. Tukakaa tukachora chini kwa kijiti, mimi na yeye. Mita 30 za katikati ziwe fupi. Mita 15 kila upande ziachwe zikue hadi kiasi, zikatwe kwa zamu, maana rubani atataka aone ng'ombe akijitokeza. Alitaka upande wa pili uwe wa mita 20, nikamwambia Kapteni atakataa. Akasema basi kiwanja kirefushwe na kile kipande chenye miti ya yule bwana.

Mkutano wa kijiji ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Shangazi amesema nitazungumza mimi habari za ndege, yeye atazungumza habari za nyasi, na yeye ataanza.