KARANI WA OFISINI AU KARANI WA MBALI?

Ndugu Wanachama,

Tangu ilipotoka habari kwamba Kamati inafikiri kumpa kazi karani aliyeko Mpanda, katika Mkoa wa Katavi, nimeulizwa maswali mengi njiani na sokoni, na mengine yameulizwa kwa hasira. Yafaa nieleze jambo lenyewe lilivyo, kisha nitoe rai yangu, ambayo ni yangu mimi wala si amri ya Kamati.

Karani wetu wa zamani ameondoka na kiti chake ki wazi. Kijana mmoja wa Mpanda, aliyesomea hesabu, ameomba kutufanyia kazi kwa kompyuta na intaneti hali yu huko huko kwao: kuandika barua, kupanga daftari la wanachama, kujumlisha hesabu za mwezi. Kazi ya namna hii si jambo geni tena. Wako vijana wa Dar es Salaam na Nairobi wanaowafanyia kazi wenye biashara wa Uingereza na Marekani bila ya kuonana nao hata siku moja. Hulipwa kwa saa. Hatutampa meza wala likizo, wala hatutamchangia ZSSF, na ujira anaoutaka haufiki nusu ya gharama ya karani wa kukaa.

Baadhi yenu mmesema tumkatae kwa kuwa ni mtu wa Bara. Hapo sikubaliani nanyi hata kidogo. Mpanda ndiko inakoishia reli itokayo Kaliua, iliyofunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya machimbo ya risasi. Leo watu wa Katavi, mkoa uliokatwa kutoka Rukwa mwaka 2012, hulima mahindi, mpunga na tumbaku, na wakulima wa tumbaku wana vyama vyao vya msingi kama sisi tulivyo na chama. Wao hudaiwa mbolea, sisi hudaiwa gharama za uchumaji. Mtu aliyekulia katika mambo hayo aweza kutufahamu kuliko wengi wa mjini.

Tumemjaribu miezi miwili. Barua zake ni safi, na hujibu siku ile ile. Lakini alipopelekewa karatasi za wachumaji aliona “pishi” akaandika kilo, na jumla yote ikaharibika. Simwiti mjinga, nani amewahi kumwonyesha pishi? Tungepewa sisi madaraja ya majani ya tumbaku tungebabaika vile vile. Ila msichana yeyote wa Konde aliyewahi kukaa jamvini akichambua karafuu na makonyo angalilijua kosa lile kabla ya kufika mwisho wa mstari.

Nilimuuliza kwao hufanywaje. Akaniambia kwamba siku ya soko la tumbaku kila robota hutazamwa na kupewa daraja na mteuzi wa Bodi ya Tumbaku, na bei hufuata daraja, na mkulima huwa amesimama pale pale akisikiliza. Hayo yakiisha ndipo tarakimu zinapoingizwa katika kompyuta. Tume ya Maendeleo ya Ushirika imevipa vyama vya Bara mfumo wake uitwao MUVU, navyo hupeleka taarifa zao humo. Basi hata Mpanda, penye mizani pana mtu wa chama.

Na kwetu ni vivyo hivyo. Bibi mmoja akija kutoka shamba akasema kwamba hesabu iliyoandikwa siyo yake, lazima awepo mtu wa kumfungulia kitabu mbele ya macho yake na kumsomea mstari kwa mstari. Je, apande meli hadi Dar es Salaam, kisha treni zaidi ya kilomita 1,000, akaulize Mpanda? Mtasema ipo simu. Kweli ipo, lakini bibi huyo hasomi katika simu, na mjukuu wake ndiye pengine anayegombana naye kwa fedha zile zile.

Katika fedha mimi ni mkaidi. Namba ya siri ya simu ya chama na ya benki isitoke ofisini, awe karani ni wa Mpanda au ni mtoto wa nyumba ya pili. Majina na namba za simu za wanachama nazo si za kutawanywa. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Na kitabu cha karatasi kibaki. Unguja ilikaa bila ya umeme kiasi cha miezi mitatu, tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, na Mpanda nayo kwa miaka mingi iliishi kwa majenereta ya mafuta.

Mzee mmoja amenambia kwamba wajukuu zake wanasema hata huyo wa Mpanda hahitajiwi, maana siku hizi ipo akili mnemba ya kuandika barua. Nimeijaribu. Barua yake ni nzuri mno, hata ZSTC wasingeamini kwamba imetoka kwetu.

Lakini na upande wa pili una haki yake. Mikarafuu haizai sawa kila mwaka, nanyi mwajua mwaka mdogo ulivyo: hapana ushuru unaoingia, na mshahara ni ule ule kila mwisho wa mwezi. Karani wa kukaa kutwa katika mwaka kama huo atakula akiba ambayo ingewakopesha wachumaji mwaka wa pili. Hili wanaopenda karani wa ofisini hawalitaji.

Kwa hiyo rai yangu ni kuwa tuajiri mtu mmoja, mtoto wa mwanachama, wa nusu siku nje ya msimu na wa siku nzima wakati wa mavuno. Mizani, kitabu na maswali ya wanachama viwe vyake. Kijana wa Mpanda tumpe barua na kujumlisha hesabu zilizokwisha kuhakikiwa, kwa saa, kwa mkataba wa maandishi, kazi inapokuwapo, na tumlipe bila ya kumchelewesha.

Jambo hili litaamuliwa katika mkutano wa wanachama wa mwezi ujao. Maombi ya kazi ya ofisini yaletwe kwa mkono, si kwa simu, na kila mwombaji atapewa pishi na mizani siku ya kuulizwa.

Katibu