Kiyoyozi au Pangaboi? Tuanze na Aliye Dhaifu

Kuanzia Desemba hadi Machi, majira ya kaskazi, sisi tuishio Dar es Salaam na kwingineko pwani hukosa raha. Mchana joto hufikia nyuzi 32 au 33 za Sentigredi, na usiku fukuto halipungui sana kwa sababu hewa imejaa unyevu wa bahari. Ndipo katika familia nyingi huzuka swali: tununue kiyoyozi, au pangaboi latosha? Mara nyingi swali hili hujibiwa kwa kuangalia mfuko, au kwa kuangalia jirani amefunga nini. Maoni yetu ni kwamba lijibiwe kwanza kwa kuangalia afya ya walio dhaifu nyumbani.

Joto si usumbufu tu, joto huua. Mwaka 1995 watu zaidi ya 700 walikufa kwa joto kali la siku chache mjini Chicago, Marekani, na wengi wao walikuwa wazee walioishi peke yao. Mwaka 2003 Ufaransa ilipoteza watu wapatao 15,000 kwa sababu hiyo hiyo. Huku kwetu joto halipandi ghafla namna hiyo, lakini wanaoumia ni wale wale: wazee, watoto wachanga, wajawazito, na wagonjwa wa moyo, figo na kisukari. Mzee hasikii kiu upesi kama kijana, na baadhi ya dawa za presha humfanya apoteze maji mengi zaidi.

Ni vema kwanza tuelewe vyombo hivi vinafanya nini. Feni haipoozi hewa. Kazi yake ni kuisogeza hewa ili jasho likauke, na jasho likaukapo mwili hupoa. Kwa hiyo feni inayozunguka katika chumba kisicho na mtu haifanyi kazi yoyote ila kula umeme. Shirika la Afya Duniani linashauri feni zitumike hewa ikiwa chini ya nyuzi 40, kwa maana zaidi ya hapo upepo wake huuongezea mwili joto. Pwani yetu iko chini ya kiwango hicho, hivyo pangaboi lina kazi kubwa ya kutufaa. Kiyoyozi, kwa upande wake, huondoa joto na unyevu chumbani na kuvitupa nje, lakini hutaka milango na madirisha yafungwe.

Sasa tupige hesabu ya Luku. Pangaboi la wati 70 likizunguka saa 8 za usiku hutumia kama nusu uniti na kidogo. Kiyoyozi kidogo cha wati 900 kikifanya kazi bila kupumzika kwa saa hizo hutumia zaidi ya uniti 7. Hata kikipumzika nusu ya muda, bado kinatumia umeme wa mapangaboi sita. Viyoyozi vya kisasa vya inveta hutumia umeme mdogo kuliko vya zamani, lakini bei yake ya kununulia ni kubwa. Kwa familia yenye kipato cha kawaida, tofauti hiyo ni mboga, ni nauli ya kwenda kliniki, ni daftari za watoto.

Zipo pia sababu za kiafya zinazotufanya tupendelee madirisha yaliyo wazi. Viyoyozi vingi vya majumbani haviingizi hewa mpya, bali huzungusha ile ile iliyomo. Endapo ndani yumo mtu mwenye kifua kikuu ambaye hajaanza kutibiwa, familia nzima huvuta hewa aliyoikohoa. Aidha, maji yanayotiririka kutoka kwenye kiyoyozi wengi huyakinga kwa ndoo au kopo na kuyasahau. Mbu wanaoeneza homa ya dengi, waliolisumbua jiji la Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, hutaga katika maji ya namna hiyo.

Wapo wanaosema feni huleta nimonia. Sivyo. Nimonia husababishwa na vijidudu, wala si upepo wa feni. Inatosha kutoelekeza upepo moja kwa moja usoni mwa mtoto. Ni kweli kwamba mtoto mchanga anahitaji kutunziwa joto, lakini kumvika sweta mbili na kofia ya sufi mchana wa Januari hapa pwani ni kumtesa. Tena feni hutusaidia dhidi ya malaria. Wengi huacha kulala ndani ya chandarua kwa sababu ya joto. Ikiwekwa feni karibu na kitanda, chandarua huvumilika.

Hata hivyo hatusemi kiyoyozi ni kibaya. Mgonjwa wa moyo anayehema kwa shida, au mzee asiyeweza tena kuinuka kitandani, anaweza kukihitaji kweli. Tunalolipinga ni desturi ya kukifunga sebuleni ili wageni wakione, huku bibi akilala chumba cha nyuma chenye kidirisha kimoja. Ikiwa familia ina uwezo wa kununua kimoja, kiende chumbani kwa aliye dhaifu. Kiwekwe nyuzi 26 au hapo karibu badala ya 18, vichujio vyake visafishwe mara kwa mara, na madirisha yafunguliwe kila siku kwa muda ili hewa ibadilike. Tukumbuke pia kwamba umeme ukikatika, kiyoyozi hakina msaada. Anayewasha jenereta aiweke nje, mbali na madirisha, kwani moshi wake huua watu usingizini.

Kabla ya kununua chochote, tuitazame nyumba yenyewe. Bati lisilo na dari huishusha tanuri juu ya vichwa vyetu, na dari nyepesi au rangi nyeupe juu ya bati hupunguza joto hilo. Madirisha mawili yanayoelekeana, yenye wavu wa mbu, hupitisha upepo wa bure. Mwarobaini au mwembe upande wa magharibi hukinga jua la alasiri. Wazee wetu wa pwani walijenga baraza na kuta nene wakijua walifanyalo.

Jambo hili linatuhusu hata nje ya kuta zetu. Marehemu Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitaja kuongezeka kwa viyoyozi kuwa mfano wa tabia za matumizi zenye madhara. Mwaka uliofuata mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, yakakubaliana kupunguza hatua kwa hatua gesi zitumikazo katika viyoyozi, ambazo zikivuja huongeza joto la dunia.

Mwisho, kila familia izijue dalili za hatari. Mtu aliyekaa kwenye joto akianza kuchanganyikiwa, kuanguka, kupata degedege, au mwili wake ukawa wa moto sana, mhamishieni kivulini, mvueni nguo nzito, mloweshe mwili kwa maji na kumpepea, kisha mkimbizeni hospitali. Asiye na fahamu asinyweshwe kitu.

Basi jioni ya leo ingieni chumba analolala mzee au mtoto wenu mdogo, mfunge mlango, mkae humo nusu saa. Mtajua wenyewe feni ya nyumba inapaswa kuwa wapi.