Divai ya Kupandishwa, Kasiksi ya Kudharauliwa



Kila barabara ya Rutshuru inapotulia, wazo lilelile huzuka katika vikundi vyetu vya Goma: tukodi basi Jumamosi, twende Rumangabo, tukae chini ya mlima Mikeno, tuonje divai. Matembezi hatuyapingi. Divai nayo hatuipingi, maana Bwana wetu mwenyewe aliiongeza arusini Kana, na mitungi ile sita ya mawe haikuwa midogo. Tunachopinga ni uongo uliojificha katika hilo neno kuonja.

Rumangabo hakuna shamba la mizabibu. Anayekwenda Dodoma, Tanzania, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, aweza kuonja divai penye mizizi yake, akamsikiliza mkulima, akauliza kilo moja yanunuliwa kwa bei gani na ni nani anayefaidi. Hiyo ni shule. Lakini kununua chupa za Ufaransa dukani mjini, kuzipandisha kilomita zaidi ya 40 na kuzirudisha tupu, kunamfundisha nani nini? Kinachoonjwa pale ni cheo.

Tena kinywaji cha mahali pale kipo. Mama wa Rutshuru huivisha ndizi, huzikamua kwa majani, huchanganya maji yake na unga wa mtama uliokaangwa, kisha husubiri yachachuke. Kasiksi hiyo imelipa karo za watoto wengi, pengine hata za baadhi yenu mnaosoma ukurasa huu. Hata hivyo kijana aliyevaa shati la kikundi huona haya kuonekana na kikombe chake. Wapo wanaojitetea kwa sheria ya Kanisa: divai ya Misa ni lazima itokane na zabibu, basi zabibu ndiyo bora. Hoja dhaifu kabisa! Kanuni ya 924 yahusu altare. Juu ya meza ya matembezi haikusema neno, wala haikumpa mtu ruhusa ya kudharau jasho la mama yake. (Naye aliyelewa kasiksi amelewa sawasawa na aliyelewa Bordeaux, hapo hatuna upendeleo.)

Kisha, tunakwenda wapi hasa? Rumangabo ni makao makuu ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na hapo, waliuawa walinzi 12 wa hifadhi, dereva mmoja na raia wanne. Hukohuko Rumangabo wajane wa walinzi wana karakana ya kushona. Njiani, Kibumba, vijana wa umri wenu husukuma chukudu zilizojaa viazi na kabichi wakiteremkia mjini, nao husogea kando ili basi letu la nyimbo lipite. Mtu aweza kupita hapo akifurahi, na furaha si dhambi. Lakini kuinua glasi mbele ya Mikeno kwa ajili ya picha, bila kumsalimu hata mjane mmoja, ni kuitumia nchi ya watu kama pazia la studio.

Tena kuna mchango. Dola zinazodaiwa kwa kiti na chupa wengine hawanazo. Kila kikundi kina kijana ambaye siku ya matembezi huwa mgonjwa, na Jumapili yuko mzima katika kwaya. Viongozi humjua, na wote hunyamaza. Huyo ndiye anayelipa gharama ya kuonja kwetu, kwani ametengwa na ndugu zake kwa jina la umoja wa vijana.

Basi twaziomba kamati: kabla ya kukusanya mchango wowote, hesabu isomwe mbele ya kikundi chote, bei ya kiti mbali, bei ya chupa mbali. Chupa ziondolewe. Fedha itakayobaki ilipie viti vya hao wagonjwa wa Jumamosi, na kasiksi inunuliwe hukohuko kwa mama anayeipika, kwa bei anayoitaja yeye, pasipo kupunguziwa.